Namna ya Kumhani Aliyefiwa na Mtu wa Wino

Wazee wetu wa pwani waliziita nchi hizi za Uarabuni Manga. Aliyetoka huku alikuwa Mmanga, na pilipili nyeusi tunaiita pilipili manga hadi leo. Kwa hiyo nikisema kwamba naishi Manga, na kwamba nyumba yangu iliwahi kukaa tanga kwa sababu ya manga, sijakosea maneno. Manga ya pili ni ya Wajapani: hadithi za picha, nyeusi na nyeupe, nyingine zikitoka sura moja kila wiki, na husomwa kutoka kulia kwenda kushoto kama Waarabu wasomavyo, na kama babu zetu walivyoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mwongozo huu ni wa yule anayeishi na msomaji wa hadithi hizo, maana siku moja atarudi nyumbani amkute analia. Siku hiyo haina budi kufika. Watu wa manga hufa, tena hufa vifo vizito.

Mimi ilinifika Septemba 2023, katika mtaa wa Al-Malqa, kaskazini mwa Riyadh. Mwanangu (ni mtoto wa dada yangu, lakini kwetu Mombasa huyo ni mwanangu) alikuwa akifanya kazi kwenye duka la kahawa karibu na barabara ya Anas bin Malik. Siku ile, katikati ya wiki, aliingia usiku akapita moja kwa moja hadi zuliani, akaketi na viatu miguuni. Mtoto niliyemfunza mwenyewe kuvua viatu mlangoni. Nikajua kuna maiti. Nikamuuliza, "Nani?"

"Gojo."

"Gojo wa kwa nani?"

Nikaanza kupita nyumba moja moja kichwani, kuanzia Kibokoni hadi Majengo, nikimtafuta huyo Gojo ni jamaa wa nani. Mwanangu akanigeuzia simu. Palikuwa na picha ya kijana mwenye nywele nyeupe, amelala chini, mwili umekatwa kiunoni. Nikashusha pumzi nikasema, "Ah, kumbe katuni." Akainuka, akaingia chumbani, akafunga mlango. Wali wake ulilala sufuriani hadi asubuhi.

Basi mafunzo yaanzie hapo. Neno "kumbe katuni" lisitoke kinywani. Hata ukilisema kwa nia ya kumpoza, yeye atasikia kwamba unambishia msiba wake. Sema "Pole, mwanangu," kisha nyamaza. Ukiwa mtu wa Mombasa au Lamu sema "Makiwa," naye akikujibu "Tunayo," mlango umefunguka. Baada ya hapo uliza mambo yale yale unayoyauliza kwenye msiba wowote: alikuwa nani, mlijuana tangu lini, imekuwaje. Mfiwa hutaka kumsimulia aliyeondoka. Wengine wote watamtaka aache kusimulia, kwa hiyo wewe uwe yule anayeuliza.

Nilipouliza, kesho yake, nilielewa. Satoru Gojo ni mwalimu katika Jujutsu Kaisen, hadithi ya Gege Akutami iliyoanza Machi 2018 katika jarida la Weekly Shonen Jump la Tokyo. Ndiye mwenye nguvu kuliko wote, na wanafunzi wake wanaishi salama kwa kuwa yeye yupo. Mwanzoni mwa 2020 maadui walimfungia ndani ya kijisanduku kidogo, na wasomaji wakakaa bila yeye zaidi ya miaka mitatu. Hebu hesabu. Mwanangu alimaliza shule, akatafuta kazi Mombasa asipate, akashughulikia pasipoti, akaja Riyadh, na muda wote huo Gojo yumo sandukuni. Akatolewa 2023. Akapigana na adui mkubwa sura baada ya sura, na sura ya 235 ikaisha kwa kumtangaza yeye mshindi. Wasomaji wakashangilia. Sura ya 236 ikafungua ukurasa wa kwanza, na Gojo yuko kwenye uwanja wa ndege, amekaa na marafiki zake wa ujanani, wale waliokwisha kufa. Pigo lenyewe halikuchorwa. Msomaji anaelewa polepole, kutokana na nani ameketi kwenye viti vya kusubiri.

Mimi nimeagana na watu kwenye viwanja vya ndege mara nyingi kuliko nilivyotaka. Akutami angeweza kuchagua mto, daraja au mlango wa mbingu. Akachagua ukumbi wa abiria. Kwa mtu aliyekuja kutafuta riziki Uarabuni, ukurasa ule unamwingia kwa namna ambayo sidhani kijana wa Tokyo anayekwenda shule kwa treni anaipata.

Sasa jambo la kupasha habari, ambalo ndilo lililoharibika zaidi katika msiba huu. Kwetu habari ya kifo haitupwi kama maganda ya machungwa. Anatumwa mtu mzima. Mfiwa anaambiwa kwanza mgonjwa amezidiwa, njoo nyumbani, hata kama mgonjwa ameshaoshwa na jeneza liko kibarazani. Anakalishwa, anapewa maji, ndipo anaambiwa. Sura ya 236 ilipangwa kutoka rasmi Jumapili tarehe 24 kwa saa zetu. Picha zikavuja siku kadhaa kabla, na zikamfikia mwanangu kwenye kundi la WhatsApp akiwa amesimama nyuma ya mashine ya kahawa, wateja wamepanga foleni mbele yake. Aliyezituma aliambatisha kikatuni cha kucheka. Mwanangu akamalizia vikombe vilivyobaki akitabasamu, kwa sababu tabasamu ni sehemu ya kazi, na machozi akaja nayo nyumbani.

Kwa hiyo, kabla hujamwambia mtu yeyote jambo lolote kuhusu hadithi anayoisoma, uliza swali moja: "Umefika sura ya ngapi?" Wasomaji wa hadithi moja hawasimami mahali pamoja. Mmoja anasoma kila wiki, mwingine anangoja ichezwe kwenye televisheni, ambako huchelewa kwa miaka. Katika hadithi hii hii yumo Kento Nanami, aliyekufa kwenye manga mwaka 2020 na kwenye televisheni Novemba 2023. Mtu mmoja, misiba miwili, miaka mitatu katikati. Mwanangu alikuwa na mwenzake wa chumbani, binti wa Kiganda, ambaye alikuwa akiangalia tu, hasomi. Akampenda sana Nanami, akawa anamsifu jioni baada ya jioni, na mwanangu anasikiliza, anamchanganyia chai, hasemi. Miezi ile yote alimbebea mwenzake habari ya kifo bila kuidondosha. Nilipokuja kufahamu alichokuwa akikificha nilimheshimu. Wapo watu wazima wasioweza kushikilia siri ya mchumba kwa wiki moja.

Nanami mwenyewe anahitaji maneno machache. Aliwahi kuwa mfanyakazi wa ofisini, akachoka, akarudi kwenye kazi ya hatari. Saa yake ya mwisho anatembea nusu mwili umeungua, na anachokiwaza ni Kuantan, mji wa pwani nchini Malaysia: ajenge nyumba ufukweni, asome vitabu alivyonunua akakosa muda wa kuvisoma. Hakuna zaidi. Yule binti wa Kiganda, aliyekuwa analipia kiwanja Mukono kidogo kidogo, aliangalia mpaka mwisho, akazima simu, akasema, "Hata kiwanja alikuwa hajanunua." Usiku ule tulikuwa watatu kwenye zulia.

Hapa nieleze kosa langu la pili, maana la kwanza nimeshalikiri. Nyanya yake mwanangu, mama yangu mimi, alifariki tukiwa wote Riyadh, na mwanangu hakupata ruhusa ya kusafiri. Alimsikiliza akizikwa kupitia simu ya mjomba. Nilipomwona anamlilia Gojo nikajiona mjuzi. Nikamwambia kwa upole, "Mwanangu, labda hapa unamlilia Nyanya." Akanitazama, akajibu bila hasira: "La, Mamdogo. Nyanya nilimlilia, na bado namlilia. Huyu ni Gojo."

Mwongozo wote umo katika jibu lile. Usimtafutie mfiwa maiti mwingine. Anapokwambia anamlilia fulani, mwamini. Ukimwambia analia kwa sababu ya upweke, au kazi, au kwa kuwa yuko mbali na kwao, umemnyang'anya marehemu wake ukampa mwingine asiyemleta yeye. Moyo wa mtu una nafasi ya Nyanya na una nafasi ya Gojo, na yeye ndiye anayejua nani amelala wapi.

Atakayekwambia jambo hili ni la watoto wa siku hizi, mweleze habari za Rikiishi. Toru Rikiishi alikuwa bondia katika manga ya Ashita no Joe, iliyoandikwa na Ikki Kajiwara na kuchorwa na Tetsuya Chiba. Chiba alimchora mrefu mno tangu mwanzo, kuliko Joe, shujaa wa hadithi, ambaye baadaye ilibidi wapigane ulingoni. Ili wakutane kwenye uzito mmoja, hadithi ikamlazimu Rikiishi kujinyima chakula na maji hadi akabaki mifupa, akapigana, akashinda, akafa. Tarehe 24 Machi 1970 Wajapani wapatao 700 walikusanyika kwenye jengo la wachapishaji Kodansha, Tokyo, wakamfanyia maziko. Mtawa wa Kibudha alikuwepo. Aliyeyaandaa ni Shuji Terayama, mshairi na mtu wa tamthilia, mtu mzima mwenye jina lake. Waliokwenda siku ile leo ni babu na bibi. Na ukiwa na mzee wa Kitanzania anayekunja uso, muulize habari za Mkwaju, yule dereva wa lori katika Twende na Wakati, mchezo ulioanza Radio Tanzania mwaka 1993. Muulize mitaani walimzungumza vipi. Kama jirani.

Wenyeji wa Riyadh hawahitaji kuelezwa. Grendizer, roboti wa Kijapani wa mwaka 1975, aliingia majumbani mwao kwa Kiarabu kabla wengi wa wateja wa mwanangu hawajazaliwa, na sanamu lake la zaidi ya mita 33 lilisimamishwa Boulevard World mwaka 2022. Msimu wa Jeddah mwaka huo huo ulikuwa na kijiji kizima cha anime. Tangu 2021 wana majarida yao wenyewe, Manga Arabia, ya watoto na ya vijana. Lakini mlango mkuu ulikuwa Spacetoon, kituo cha televisheni kilichoanza mwaka 2000, na hadithi zilizotiwa Kiarabu na kampuni ya Venus ya Damascus. Ninafanya kazi na mwanamume wa Kisaudi, baba wa watoto watatu, mtu wa maneno machache. Taja mbele yake Alfredo, yule kijana wa katuni ya Ahd al-Asdiqaa anayekufa bado mdogo kwa kifua kikuu, uone anavyogeukia dirishani.

Ndiyo maana faraja ya kwanza ya kweli mwanangu hakuipata kwangu. Mfuko wake una kishikio cha funguo chenye sura ya Gojo, kitambaa cheusi machoni. Alhamisi ile kijana mmoja wa Kisaudi alikuja kuchukua kahawa yake, akakiona kile kishikio, akaweka mkono kifuani. "Azaauna wahid," akasema. Msiba wetu ni mmoja. Mwanangu akaitikia kwa kichwa, kijana akachukua kikombe akaondoka. Sekunde chache tu. Jioni ile alikula.

Kuna mipaka, nami nitaisema wazi. Mtu wa wino hasomewi Fatiha wala hafanyiwi khitma, na neno marehemu nililolitumia hapo juu ni la kuazima tu. Dua ni za viumbe wa Mungu. Nimewasikia vijana wakizitamka juu ya picha kwa utani, na ninawaomba waache, kwa kuwa nyuma ya ukuta jirani anaweza kuwa anazihitaji kwa maiti wake. Machozi hayana mpaka huo. Mfiwa alie anavyotaka.

Anapokufa mchoraji, hapo ni msiba wa watu, wenye mjane na watoto. Akira Toriyama, aliyetupa Dragon Ball, alifariki tarehe 1 Machi 2024 akiwa na miaka 68, na dunia ikaambiwa Ijumaa ya tarehe 8, siku tatu kabla ya Ramadhani kuingia hapa. Wiki mbili baada ya tangazo lile Wasaudi wakatangaza kwamba watajenga bustani ya michezo ya Dragon Ball huko Qiddiya, nje ya Riyadh, yenye joka la mita 70. Mwanangu alipoisoma habari ile alisema angependa Toriyama angeiona. Mimi pia.

Chakula. Msiba bila chakula haukai. Usimpikie mfiwa vitu vya sherehe. Kwangu ni uji wa pilipili manga, mzito, wa moto, na tende pembeni kama wafanyavyo wenyeji, na kahawa chungu isiyotiwa chochote zaidi ya iliki. Uji una faida kwamba mtu anaweza kuunywa akiwa analia. Msimzunguke kumtazama anavyokunywa. Kaeni naye, mmoja akunje nguo, mwingine amenye vitunguu.

Na asiachwe peke yake siku ya furaha ya wengine. Jumamosi ya tarehe 23 ilikuwa Sikukuu ya Taifa. Malqa nzima ilivaa kijani, magari yalipiga honi hadi usiku, watoto walichorwa bendera mashavuni. Mwanangu alihudumia zamu yote akiwa na utepe wa kijani kifuani. Nilimfuata kwa miguu zamu ilipoisha, tukarudi pamoja tukipitia njia za ndani, kimya, honi zikisikika kwa mbali.

Jambo moja wasilisahau wenye huruma nyingi: msimwambie "atarudi." Ni rahisi kusema, kwa kuwa katika hadithi wafu hurudi, na walio hai husingiziwa kufa. Nilimwambia hivyo Ijumaa, akaamini. Alingoja mwaka mzima, kila wiki akifungua sura mpya kumtafuta yule yule. Mkiulizwa, semeni "Sijui." Ni jibu la kweli na mfiwa analivumilia.

Sasa siku ya sura rasmi, Jumapili. Msomaji wa kweli atasoma sura rasmi hata kama picha zote amekwisha kuziona, kama vile mtu aliyesikia kifo kwenye simu anavyotaka kufika kaburini. Wachapishaji huiweka kwenye programu ya MANGA Plus, bure, saa sita usiku wa kuamkia Jumatatu ya Tokyo. Kwetu ni saa kumi na mbili jioni, Riyadh na Mombasa pamoja, kwa kuwa saa zetu ni moja. Mwishoni mwa Septemba hapa Riyadh Magharibi inakuwa imeshaadhiniwa. Jumapili huku ni siku ya kwanza ya kazi, kila mtu amechoka, na ndiyo sababu unatakiwa uwe umerudi nyumbani kabla yake.

Keti upande wake wa kulia, hadithi inakoanzia. Mwache ageuze kurasa mwenyewe. Mwanangu alikaa muda mrefu kwenye ule ukurasa wa uwanja wa ndege, akiukuza kwa vidole viwili ili anionyeshe nani ni nani: huyu Geto, huyu Nanami, huyu Haibara aliyekufa mdogo. Alinitajia kila mmoja kama mtu anavyokutajia jamaa zake kwenye picha ya harusi ya zamani. Gojo alikuwa anacheka. Hilo sikulitegemea. Kwenye picha zilizovuja nilikuwa nimeonyeshwa maiti tu, na hakuna aliyenionyesha kwamba kabla ya hapo amechorwa akicheka. Tulipofika ukurasa wa mwisho mwanangu aliiweka simu chini, akafuta uso kwa ncha ya mtandio, akaniuliza kama uji umebaki.

Jujutsu Kaisen ilimalizika mwishoni mwa Septemba 2024, kwa sura ya 271. Gojo hakurudi. Mwanangu sasa anasoma One Piece, iliyoanza mwaka 1997 na ambayo bado haijaisha, na anasema kuna watu humo ambao hataki hata kuwataja kwa sauti. Sura mpya zinatoka Jumapili, saa kumi na mbili jioni. Ukiwa na kijana anayesoma nyumbani kwako, bandika uji saa kumi na moja na nusu.